Treni Iliyosimamishwa na Mjukuu

Babu wa mzee huyu alibeba begani mataruma, yale magogo ya kulazia reli, wakati njia yenyewe ilipokuwa bado kamba iliyofungwa kwenye vigingi, na alipozeeka bega lake moja lilikuwa chini kuliko jingine, jambo ambalo ukoo mzima ulilitaja kwa fahari kama watu wengine wanavyotaja mashamba. Baba yake alikuwa mchochea makaa katika injini za moshi. Hakulewa, hakuchelewa, na majirani walirekebisha saa zao kwa hatua zake alipopita kwenda kazini. Mzee mwenyewe alipanda ngazi ya kibanda cha ishara akiwa kijana mwenye mwandiko mzuri, akashuka mvi zimemjaa kichwani, na katika muda wote huo hakuitwa ofisini hata mara moja kujieleza. Hao ndio watu wa nyumba hii. Hawakuwa na mali, lakini popote reli ilipopita, ukiwataja, mtu alisogea akakupa nafasi ya kukaa.

Mzee huyo, waliyemwita Mzee wa Bendera, alikuwa mshika ishara. Kazi yake ilikuwa kuamua treni ipi ipite na ipi ingoje, na jina hilo alilipata kwa ustadi mmoja. Ndani ya reli hupita umeme mdogo. Treni ikiingia katika kipande fulani cha njia, magurudumu yake huukatiza umeme huo, na taa nyekundu huwaka kibandani kumwambia mshika ishara kwamba kipande hicho kina treni. Lakini majira ya mvua taa ilikuwa na wazimu wake. Kokoto zikilowa, umeme huvuja, na taa huwaka ilhali njia ni tupu. Hapo Mzee alishuka na bendera yake ya kijani, akatazama mpaka penye kona, akaona hakuna kitu, akaipeperusha, na treni ikapita. Washika ishara waliliita jambo hilo kuamsha njia. Wakubwa walilijua wakafumba macho, kwa kuwa bila hilo treni zingelala porini kila masika. Hakuna aliyeamsha njia kama yeye.

Siku ya kustaafu kwake jambo moja lilimkera, na hakulisema kwa mtu ila mkewe. Desturi ya vibandani ilikuwa kwamba anayeondoka zamu husimama wima, humtazama anayeingia, na kusema, "Njia ni yako." Mwenzake hujibu, "Nimeipokea." Kabla ya jibu hilo, hakuna anayegusa mlango. Lakini kibanda chake kilikuwa kinafungwa kabisa, na hakukuwa na wa kuingia zamu. Alisubiri kidogo hivi, akafunga kufuli, akampelekea karani ufunguo, na karani akaupokea bila kuinua uso.

Bendera aliitia katika fremu ya kioo, akaitundika sebuleni juu ya redio.

*

Asubuhi ya uzinduzi, mkewe alimkuta amepanda juu ya kiti, anaishusha fremu.

"Unakwenda kuoa na hilo pambo?" Bibi aliuliza.

"Nimeombwa nipeperushe bendera treni ikiondoka. Mkurugenzi mwenyewe ameniomba."

"Mkurugenzi amekuomba kwa sababu ya mjukuu wako."

"Ameniomba kwa sababu ya utumishi wangu," Mzee alisema, akipuliza vumbi.

Kweli ilikuwa katikati. Reli ile ilikuwa inafungua mfumo mpya wa kuongoza treni, ambao uliondoa vibanda vyote na kuleta kazi nzima katika chumba kimoja chenye skrini ukutani. Kampuni kubwa ya ng'ambo ilitaka kuuza mfumo wake, ikashindwa katika zabuni na kundi la wahandisi wa hapahapa, wote wanawake weusi, ambao waliiandika programu yao wenyewe mstari kwa mstari. Na aliyewaongoza hao ndiye mjukuu wa nyumba hii, yule ambaye utotoni bibi yake alimpachika jina la Mama Maswali.

Mzee alijivunia cheo cha mjukuu huyo, Mhandisi Mkuu. Alikitaja msibani, alikitaja kwa kinyozi. Kazi yenyewe, hata hivyo, hakuielewa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukiri kwamba kitu kimempita kimo, aliiita "kubonyezabonyeza."

Langoni mwa stesheni, manyunyu yakianguka, askari alikuwa na orodha ya wageni mkononi. Alimwona Mzee katika suti yake ya kijivu na kofia, akapiga mguu chini.

"Mhandisi Mkuu! Karibu sana, mheshimiwa. Tunakungoja wewe tu."

Mzee alinyoosha mgongo. Hakusema ndiyo, lakini hapana pia hakuisema, na askari akageuka kwa mwanamke kijana aliyekuwa nyuma yake na kompyuta begani. "Wewe dada, wahudumu wa chai wanapita mlango ule wa nyuma. Fanya haraka."

Mjukuu alitoa kitambulisho chake. Askari alikisoma, akakisoma tena, na jasho likamtoka palepale penye manyunyu.

"Samahani, mama. Nilidhani mzee ndiye."

"Hata yeye anadhani," Bibi alisema, akapita.

Mjukuu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyezoea, na cheko hilo ndilo lililomchoma Mzee kuliko maneno. Alitaka kuuliza ni milango mingapi ya nyuma ambayo mtoto huyu ameonyeshwa, lakini yeye alikuwa amekwisha kumbusu bibi yake shavuni.

"Nyinyi pandeni behewa la mbele. Mimi nakwenda kwenye chumba cha skrini. Babu, shika bendera vizuri, usije ukainyima treni ruhusa."

"Nenda kabonyeze," Mzee alisema.

*

Treni iliondoka kwa shangwe. Mzee alipeperusha bendera yake, wapiga picha wakampiga picha, na mkono wake ukakumbuka mzunguko wote wa zamani bila kuulizwa. Ndani ya behewa aliketi karibu na mkurugenzi, mtu mnene mwenye haraka, ambaye simu haikumtoka sikioni. Kwenye stesheni ya mwisho mgeni rasmi alikuwa anangoja, na mgeni rasmi, alisema mkurugenzi kwa kila aliyekuwa tayari kusikia, ana ndege ya kuwahi. Mbele yao walikaa wageni wawili kutoka ile kampuni ya ng'ambo, wamealikwa kwa adabu na wamekuja kwa matumaini. Mmoja alikijua Kiswahili vizuri, jambo lililowafanya watu wapunguze sauti.

Walipita mashamba, wakapita kiwanda cha matofali, na Mzee akaanza kumwonyesha mkewe kwa kidole kila kitu alichokijua. Kisha breki zikalia, behewa likatikisika, treni ikasimama.

Nje ya dirisha, kando kabisa ya reli, kilikuwepo kibanda chake. Vioo vimevunjika, ngazi imeota majani, kufuli ni lile lile. Mbele yake taa ya ishara ilikuwa nyekundu, na mbele zaidi njia ilinyooka mpaka penye kona, tupu, inang'aa kwa maji.

"Nini tena?" mkurugenzi alimuuliza dereva kupitia mlango wa mbele.

"Nyekundu, bosi. Mfumo unasema kipande kinachofuata kina kitu."

"Kina nini? Hakuna treni nyingine njia nzima!"

"Ndivyo unavyosema mfumo."

Mkurugenzi alipiga simu chumba cha skrini, na kwa kuwa alitaka wote washuhudie kwamba kosa si lake, aliiweka kwenye spika.

"Mhandisi, tumesimama porini. Tupitishe."

"Siwezi, bwana mkurugenzi." Sauti ya mjukuu ilikuwa tulivu. "Kipande cha mbele yenu kimekatika umeme sasa hivi. Nimetuma watu wa njia kutoka upande wa daraja. Wakikikagua, tutajua."

"Watachukua muda gani?"

"Watakaouhitaji."

Mgeni aliyejua Kiswahili alikohoa. "Mifumo michanga ina matatizo ya utoto," alisema kwa upole. "Wetu ungekwisha kutambua kwamba hii ni hitilafu tu."

Uso wa mkurugenzi ulikunjamana. Mzee alihisi macho ya behewa zima yanamgeukia, kwa kuwa wote walijua msichana huyo ni wa nani. Alitazama kokoto zilizolowa, alitazama kona, na moyo wake ukatulia. Mahali hapa! Njia hii aliijua kama mfuko wa koti lake.

"Bwana mkurugenzi," alisema, "hiyo ni mvua tu. Kipande hiki kina tabia hiyo tangu zamani. Mimi nimeamsha njia hapahapa miaka na miaka. Unatazama mpaka konani, pakiwa patupu, unapeperusha, treni inakwenda pole pole. Hakuna lolote."

Mkurugenzi alimshika mkono kama mtu aliyetupiwa kamba majini. "Mhandisi, umesikia? Huyo ni babu yako. Alishika ishara hapa kabla hujazaliwa. Zungumza naye."

Akamsogezea simu.

"Mjukuu wangu," Mzee alianza, kwa sauti ile ambayo nyumbani ilimaliza mijadala.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Ni mvua. Nasema mimi. Ruhusu treni ipite."

"Siruhusu, babu."

Nyuma mtu alipiga mluzi. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, "Mzee, heshima siku hizi zinauzwa duka gani?" na wachache wakacheka. Mzee aliona joto linapanda kutoka kwenye kola ya shati mpaka masikioni. Katika nyumba yake, tangu siku za mbeba mataruma, mtoto hakuwahi kumwambia mkubwa neno hilo mbele ya watu.

"Unasemaje?"

"Babu, nyumbani ukiniambia nilale bila kula, nitalala. Lakini hapa nimeshika treni yenye watu, na wewe na bibi mmo ndani. Nisikilize kidogo. Mvua ikivujisha umeme, mstari kwenye skrini yangu hushuka taratibu, kama mtu anayesinzia. Leo umeanguka mara moja, kama sahani iliyoponyoka mkononi. Mvua haiangushi hivyo. Kuna kitu kimekatika."

"Mimi nimeona njia kwa macho yangu. Ni tupu."

"Najua ni tupu, babu. Sijasema kuna kitu juu yake."

Mkurugenzi aliinyakua simu. "Sikiliza, binti. Mgeni rasmi akiondoka kabla hatujafika, Jumatatu chumba chenu kinafungwa na kazi wanapewa hawa waliokaa mbele yangu. Wewe na wenzako wote unga umemwagika. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Kifungwe, bwana mkurugenzi. Angalau watakaokifunga watakuwa wazima."

Simu ikakatwa, na si mkurugenzi aliyeikata.

*

Mzee alisimama, akachukua bendera yake, akaenda mbele kwa dereva.

"Kijana, mimi nitashuka nitazame. Nikipeperusha, utaondoa?"

Dereva alikuwa mtu mwenye adabu. Alivua kofia kabla ya kujibu. "Mzee wangu, marehemu baba alikuwa dereva, na bendera yako aliitii sana. Alikusifu mpaka tukakuchoka. Lakini mimi namsikiliza mhandisi. Nisamehe."

Basi Mzee alishuka hivyo hivyo. Mkewe alimwita dirishani.

"Unakwenda wapi na manyunyu haya?"

"Kuiona njia. Nirudi niseme nilichoona."

"Nenda, nenda. Mama Maswali amekupinga, na wewe hupendi hata kuulizwa."

"Mama watoto, si sasa."

"Ni sasa hasa. Wewe ulikuwa unatazama mpaka konani. Baada ya kona ulikuwa unatazama kwa jicho gani?"

Alitembea juu ya mataruma, hatua aliyozaliwa nayo, taruma kwa taruma, bendera imeviringwa kwapani. Alikipita kibanda chake bila kukitazama. Alikuwa anapanga maneno: atarudi, atavua kofia mbele ya mkurugenzi, atasema njia ni nzima, kisha jioni atamwita mjukuu na kumfundisha tofauti kati ya kusoma na kujua. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangika vizuri alipoizunguka kona.

Watu wa njia walikuwa wamefika. Kitoroli chao cha mkono kilisimama mbele kidogo, na nyuma yake daraja lilikatiza mto uliojaa maji ya udongo. Walikuwa wameizunguka sehemu moja ya reli, na katikati yao alipiga magoti mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na mkoba wa vifaa. Mzee alimtambua kwa mgongo tu. Mwanamke huyo alipoanza kazi katika karakana ya ishara alikuwa msichana pekee humo, akizunguka vibandani na furushi la waya begani, na washika ishara wakamwita Mama Waya kwa mzaha. Sasa lilikuwa jina la cheo. Hakuna chombo cha njia kilichofungwa bila mkono wake.

"Mzee wa Bendera," alisema bila kusimama. "Umekuja kuamsha njia?"

Wafanyakazi hawakucheka. Nyapara wao alisogea kando, na Mzee akaona.

Reli ilikuwa imekatika. Si ufa, si mkwaruzo: chuma kizima, kutoka kichwa mpaka kitako, kimeachana, na ncha moja imekwisha kusogea kuelekea nje, kule kwenye mto. Baridi ya mvua ilikuwa imekikaza chuma, na kasoro iliyolala ndani yake pengine kwa miaka ikafunguka asubuhi hii, treni ikiwa njiani.

Mzee alivua kofia. Akainama, kwa shida ya magoti yake, akatia kidole gumba katika lile pengo. Kiliingia chote. Kilipotoka kilikuwa na kutu nyekundu.

Maji yalisikika chini ya daraja. Mzee alikuwa anaiona treni, behewa la mbele, dirisha la kushoto, mkewe na kitambaa chake cha kichwa. Akauona na mkono wake mwenyewe ukizungusha kitambaa cha kijani, kwa ustadi.

"Hata pole pole ingekuwa yale yale," nyapara alisema, kana kwamba amemsikia. "Kwenye kona, na uzito ule? Wangetoka relini tu."

"Yeye amejuaje?" Mzee aliuliza. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Yuko mbali huko, hajaiona njia wala chuma."

Mama Waya alikuwa anachagua bisibisi mkobani. "Wewe unadhani anabonyezabonyeza."

"Nani amekwambia?"

"Yeye. Anakuiga vizuri sana, tunavunjika mbavu." Kisha uso wake ukawa wa kazi. "Ule mfumo wa ng'ambo unatazama taa tu. Imewaka, haikuwaka, basi. Ikiwaka ovyo masika yote, watu huzoea na kupita. Mjukuu wako akasema hapana, hiyo ndiyo hatari yenyewe, kuzoea. Akasema tuutazame umeme unavyoshuka, maana mvua ina mwendo wake na chuma kina mwendo wake. Tukamwona ana kichaa. Akanipa kazi ya kulowesha kokoto kwa ndoo na kukata vipande vya reli karakanani, tena na tena, na yeye na wale wasichana wakiandika programu, wakifuta, wakiandika, mpaka mashine ikajifunza kutofautisha. Hakuna aliyewafundisha hilo. Nami nimefungua kila kitabu cha kazi hii."

"Hilo wazo alilitoa wapi?"

"Anasema kwako."

Mzee alimtazama.

"Anasema alikuuliza akiwa mtoto, 'Babu, njia inajuaje kwamba treni ipo?' Ukamweleza umeme wa relini vizuri kabisa. Halafu akakuuliza, 'Na ikidanganya, utajuaje?' Ukamwambia aende akacheze."

Alikuwa hakumbuki. Alijaribu, na alichokumbuka ni mtoto mwenye magoti yenye vumbi, ameketi kwenye ngazi ya kibanda, ananyamaza. Kumbe alikuwa hakwenda kucheza.

*

Waliiunga reli kwa vipande viwili vya chuma na boliti nene, nyapara akihesabu mapigo ya nyundo kwa wimbo wa kunong'ona. Kisha Mama Waya akavusha waya juu ya kiungo ili umeme upate njia, akaikaza kwa mikono isiyo na haraka. Mzee alimshikia mkoba. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemzuia.

Aliporudi kwenye treni, mkurugenzi alikuwa mlangoni na maneno tayari mdomoni. Mzee aliinua kidole gumba mbele ya uso wake.

"Unaona kutu hii, bwana mkurugenzi? Nimeitoa ndani ya reli. Ndani. Nyuma ya ile kona, hatua chache kabla ya daraja."

Mkurugenzi alikitazama kidole. Akashika kiti, akakaa. Yule aliyepiga mluzi alisimama akachungulia dirishani kuelekea mtoni, akarudi kukaa pole pole. Bibi alitamka neno moja tu, "Mwanangu," na haikujulikana anamwita nani.

Mgeni wa kampuni ya ng'ambo ndiye aliyesema kwanza. "Wanatambuaje tofauti?" aliuliza. Hakukuwa na upole wa kibiashara tena katika sauti yake. Sasa aliuliza kama mhandisi.

"Mimi sijui," Mzee alisema, na lilikuwa neno geni kinywani mwake. "Muulize mwenyewe. Lakini panga mstari, maana mimi nina swali lake la zamani ambalo sijalijibu."

Akaenda kwa dereva. "Kijana, hiyo redio inafika kwa mhandisi?"

"Inafika, mzee. Na inasikika kwa madereva wote wa njia nzima."

"Vizuri zaidi. Nipe."

Alisimama wima, kofia kwapani, uso umeelekea kibanda chake cha zamani. Dereva alimwonyesha pa kubonyeza, naye akabonyeza.

"Chumba cha skrini. Hapa ni kibanda cha kona ya daraja."

Redio ilikoroma. Kisha sauti ya mjukuu, safari hii si tulivu sana. "Babu? Mko salama? Bibi yuko wapi?"

"Tuko salama. Usinikatize, natoa ripoti." Alisafisha koo. "Reli ya upande wa mto ilikatika kabisa. Imeungwa. Mama Waya ameifunga na anasema itabeba treni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nimeiona kwa macho yangu, na nimeigusa kwa mkono wangu, kwa kuwa macho yangu hayakutosha."

"Nimekusikia, babu."

"Sijamaliza. Siku niliyoondoka hapa hapakuwa na mtu wa kunipokea zamu. Kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni, mimi bado niko zamu." Akaitazama taa nyekundu mbele yao. "Mhandisi, njia ni yako."

Upande wa pili zilisikika sauti nyingine za kike, nyingi, kisha zikanyamazishwa. Mjukuu wa kibanda kile aliijua desturi; aliisikia ngazini, akiwa hajaanza shule.

"Nimeipokea," alisema. Na baada ya pumzi moja, "Taa yenu ni ya kijani. Dereva, mwendo wa mtu anayetembea."

Taa ilibadilika. Treni ilisogea kama mgonjwa anayejaribu miguu, na behewa zima likahamia madirishani. Hakuna aliyekumbuka mgeni rasmi wala ndege yake. Walipoizunguka kona, waliona watu wa njia wamesimama kando, na mbele yao Mama Waya, amechuchumaa, sikio lake karibu na chuma, akikisikiliza kinavyobeba. Magurudumu yalivuka kiungo kwa mlio mmoja mdogo. Kisha mto ukapita chini yao, mpana, wa rangi ya udongo, nao wakautazama mpaka ukaisha.

"Hupeperushi?" Bibi alimuuliza mumewe, akiitazama ile bendera iliyoviringwa.

"Njia si yangu," Mzee alisema.

Jioni, fremu ilirudi ukutani bila bendera. Ndani yake ilikaa picha ya wanawake weusi wamesimama mbele ya ukuta wa skrini, mjukuu katikati, hakuna hata mmoja anayetazama kamera kwa sababu wote wanatazama njia kwenye skrini. Na kila kijana anayeingia katika nyumba hiyo, wa ukoo au wa jirani, huketishwa mbele yake na kuambiwa hivi, nanyi mnaosoma mkae sawa mwambiwe pia. Mlisikie jambo hili, wala msilisikie kwa sikio moja. Someni mpaka mjue kitu ambacho wakubwa wenu hawakijui. Mkikijua, kisimamieni, hata chumba kikifungwa, hata behewa zima likiwacheka. Na siku sisi wenye mvi tutakapowaamuru mpitishe treni ambayo mnajua haipaswi kupita, mtuamkie kwanza, kwa heshima zote tulizowafundisha. Tukiitikia, mtuambie hapana.